Gari Linaposita Njiani: Swali la Kwanza ni "Lini?"

Maelezo kwa wamiliki na madereva wa vyombo vya moto katika mkutano wa wakazi



Gari linalosita na kushtukashtuka dereva anapokanyaga mafuta si kero ya safari tu. Dereva anayelipita lori hutegemea kwamba nguvu aliyoiita itakuja. Ikikatika akiwa upande usio wake, hana pa kukimbilia. Hata hivyo, wengi hufika kwa fundi na neno moja, "linamisi". Kisha hununuliwa plagi, halafu koili, halafu pampu, mpaka fedha ziishe na ugonjwa ubaki palepale.

Njia iliyo bora huanza kwa kuuliza: gari husita lini?

Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa na cheche, kila kimoja kwa kipimo na wakati wake. Gari likienda vema tambarare lakini likasita mlimani au likiwa na mzigo, mashaka ya kwanza huangukia mafuta na cheche. Hapo injini hudai mafuta mengi, na chujio lililoziba au pampu iliyochoka havimudu kuyafikisha. Mgandamizo ndani ya silinda nao huongezeka, na plagi iliyolika au koili dhaifu hushindwa kutoa cheche.

Likisita asubuhi baada ya mvua, kisha likatulia injini ipatapo joto, unyevu kwenye nyaya na koili za plagi hutazamwa. Likianza mara baada ya kujazwa mafuta, hasa ya madumu, hushukiwa maji au uchafu. Kwa gari la dizeli, maji yaliyotuama chini ya chujio la mafuta humwagwa. Likishtuka wakati wa kubadili gia tu, huenda injini haina kosa: giaboksi, klachi au mipira inayoshikilia injini ndiyo ya kukaguliwa. Chujio la hewa lililojaa vumbi huonekana kwa macho, bila gharama.

Magari mengi ya miaka ya karibuni huhifadhi alama za kosa, ambazo fundi huzisoma kwa mashine ndogo. Alama P0301 huonyesha kuwa silinda ya 1 haichomi mafuta ipasavyo. Lakini alama hiyo hutaja mahali tu, haitaji kifaa kilichoharibika. Pale kila silinda inapokuwa na koili yake, fundi makini hubadilishana koili ya silinda ya 1 na ya 2, hufuta alama, kisha huliendesha gari. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0301, uchunguzi huendelea kwenye plagi na nozeli. Jaribio hilo halihitaji kununua chochote.

Taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo huku gari likisita, dereva hupunguza mwendo na kusimama mahali salama. Mafuta yasiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuweza kuunguza kifaa cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali kuliko plagi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye gari anayemweleza fundi mwendo, gia, hali ya hewa na mahali alipojaza mafuta, hata kama ni kwenye dumu, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya uchunguzi.