Baada ya Fundi Kuondoka: Maelezo kwa Wenye Tovuti wa Mbegani na Bagamoyo



Tumekuja kuzungumza nanyi kuhusu programu za seva, yaani programu zinazokaa katika kompyuta ya mbali na kumpelekea mgeni kurasa za tovuti yako kila anapoziomba. Wapo kati yenu wenye nyumba za kulala wageni, wapo wanaolima mwani upande wa Mlingotini, wapo wanaouza samaki kwa wanunuzi ambao hawajawahi kuonana nao uso kwa uso. Tovuti mnazo. Mlimlipa fundi, akaijenga, akaondoka. Maelezo yetu yanahusu miaka inayofuata.

Katika kijiji chenye chuo cha uvuvi hatuhitaji kueleza kwamba chombo hakimaliziki siku kinaposhushwa majini. Hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hukalafatiwa na kupakwa upya, na mwenye chombo huiweka gharama hiyo katika hesabu zake bila kunung'unika. Seva nayo ni vivyo hivyo, ila kwa tofauti moja iliyo mbaya: chombo kinachovuja huonyesha maji ngamani, lakini seva yenye tundu huendelea kufanya kazi kama kawaida, na mwenyewe hulala usingizi.

Tovuti nyingi duniani huendeshwa na programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mbili mtakazozisikia zaidi ni Apache na nginx. Apache ilianza mwaka 1995, pale wasimamizi wachache wa tovuti walipokusanya viraka walivyokuwa wameshona kila mmoja kwa nafasi yake juu ya programu ya seva iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Ya pili iliandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004. Zote mbili hupatikana bila malipo. Kwa hiyo fundi anayekutoza fedha za "leseni ya Apache" anakuuzia kitu kisichouzwa. Malipo ya kazi yake ni jambo jingine, nayo ni haki yake. Tunachowasihi ni kwamba risiti itaje kazi iliyofanyika.

Hali ni hiyo hiyo kwa cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ya tovuti ianze na herufi https. Taasisi ya Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti hivyo bure tangu mwaka 2015. Muda wake ni mfupi, umezoeleka kuwa siku 90, na ndiyo maana seva hupangwa ijihuishie cheti yenyewe. Vipo vyeti vya kulipia vilivyo halali. Muulize tu fundi wako kwa nini amekuchagulia hicho.

Usakinishaji wenyewe si kazi kubwa. Katika kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, amri moja, "sudo apt install apache2", inatosha kuifikisha seva katika hali ya kufanya kazi, na fundi mzoefu hamalizi hata nusu saa. Umahiri unaonekana katika mipangilio inayofuata, na hapo ndipo tungependa kukaa kidogo, kwa sababu kuna mkasa wa kweli unaofundisha zaidi ya maneno yetu.

Mwezi Septemba 2021 lilitoka toleo la Apache lenye namba 2.4.49. Ndani yake kulikuwa na kosa lililomwezesha mtu wa nje, kwa kuandika anwani kwa namna fulani ya hila, kutoka katika kabati la kurasa za tovuti na kusoma mafaili mengine ya kompyuta. Tarehe 4 Oktoba likatolewa toleo la 2.4.50 kuziba tundu hilo. Kiraka hakikukaza. Tarehe 7 Oktoba, siku tatu tu baadaye, likatoka 2.4.51, na wakati huo wahalifu walikuwa tayari wanazipekua seva za dunia kutafuta zenye tundu.

Mtasema: basi aliyebaki na toleo la nyuma alisalimika. Kwa tundu hilo, ndiyo, na hatutawaficha. Lakini matoleo ya nyuma yalikuwa na matundu yake mengine, yaliyokwisha kutangazwa hadharani kwa kila mwenye nia mbaya kuyasoma. Jambo la pili lina uzito zaidi kwenu. Apache huwa na mpangilio unaokataza kila kitu kilicho nje ya kabati la tovuti, na seva zilizokuwa na katazo hilo hazikusomwa namna ile. Walioumia ni wale ambao mtu alikuwa amelifungua katazo hilo, pengine kwa haraka, ili kitu fulani kifanye kazi kabla ya jioni. Fundi wa namna hii tunawafahamu sote: mlango ukikwama, yeye hung'oa kitasa.

Hasara yenyewe inafananaje? Chukueni nyumba ya wageni ya kufikirika hapa Bagamoyo. Mgeni wa Arusha anaiona tovuti, anatakiwa alipe arubuni kwa simu, na namba ya kulipia imeandikwa pale pale. Aliyeingia katika seva hana haja ya kuharibu chochote. Anabadilisha namba hiyo moja. Picha zinabaki zilezile, bei zilezile, na mwenye nyumba anakuja kujua siku mgeni anaposhuka na mabegi yake na watoto, akidai chumba alichokilipia. Nani atamlipa? Tena tovuti hiyo huenda imehifadhi majina, namba za simu na nakala za pasipoti za wageni, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, aliyezikusanya ndiye mwenye wajibu wa kuzilinda. Kusema "fundi alikuwa na mambo yake" hakumwondolei wajibu huo.

Kabla ya yote, jueni mko upande gani. Wengi wenu hamna seva yenu. Mmekodi nafasi ndani ya seva ya kampuni, na kampuni ndiyo yenye kazi ya kuboresha Apache au nginx. Kazi yenu ni ile programu inayojenga kurasa, mara nyingi WordPress, pamoja na nyongeza zake. WordPress imekuwa ikijipakia viraka vidogo vya usalama yenyewe tangu mwaka 2013, isipokuwa mtu awe amekizima kipengele hicho. Nyongeza zilizotelekezwa na waandishi wake ziondolewe kabisa. Kuzizima pekee hakutoshi. Wenye seva ya peke yao wanabeba yote mawili.

Msihukumu kwa namba peke yake. Ubuntu ya 22.04 huonyesha Apache 2.4.52 hata leo, na mtu anaweza kudhani imezeeka, kumbe watunzaji wa mfumo huo huvirudisha viraka vya usalama ndani ya toleo lilelile. Swali lenye maana ni hili: mfumo huu utahudumiwa hadi lini? Ubuntu ya aina hiyo huhudumiwa kwa miaka mitano tangu kutolewa, na hiyo ya Aprili 2022 inafika ukingoni mwaka 2027. Mfumo wa CentOS 7, ulioenea sana katika seva za kukodi, ulikoma tarehe 30 Juni 2024. Aliye juu yake ahame.

Siku ya kuboresha ichaguliwe kama mnavyochagua siku ya kupandisha chombo. Masika, wageni wakiwa wachache, ni wakati mwema; wiki ya Krismasi sivyo. Nakala ya akiba itolewe kwanza na iwekwe nje ya seva, na ifunguliwe kwa majaribio, kwa kuwa nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu. Fundi akague mipangilio kwa amri ya "apachectl configtest" kabla ya kuiwasha upya seva. Na kwa kuwa umeme na mtandao wetu tunaujua, aendeshe kazi hiyo ndani ya programu kama tmux, ili mawasiliano yakikatika katikati, kazi iendelee kule iliko.

Yote haya yaingie katika mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja: nani anaboresha, kila baada ya muda gani, kwa kiasi gani. Hakikisheni pia kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lenu, na kwamba nywila kuu mnazo nyinyi.

Na ikiwa mtu amekwisha kuingia, msikubali fundi afute seva papo hapo. Kwanza nakilini kumbukumbu za seva na mpige picha ya kurasa zilizobadilishwa, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Waarifuni wageni waliokwisha kulipa. Namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, kampuni ya simu iarifiwe siku hiyohiyo, kisha mwende polisi mkiwa na nakala zenu mkononi. Baada ya hapo fundi anaweza kuanza upya, kwa mfumo ambao muda wake wa kuhudumiwa haujapita.