Ting: Neno Lililotoka Barazani

Wasikilizaji, neno la leo ni fupi: ting. Katika Kinorwe, Kideni na Kiswidi, ting ni kitu: kiti, sufuria, kiatu. Lakini bunge la Norway huitwa Stortinget, yaani Ting Kuu, na la Denmark huitwa Folketinget, Ting ya Watu. Kitu na bunge vilikutanaje katika neno moja?

Jibu liko uwanjani. Enzi za Waviking, thing lilikuwa baraza la watu huru: walikusanyika peupe kukata kesi, kutunga sheria na kusuluhisha magomvi. Mwaka 930 wakazi wa Iceland walianzisha Althingi, baraza la nchi nzima, mahali panapoitwa Thingvellir, viwanja vya baraza, kilomita 45 hivi kutoka Reykjavík. Mtangaza sheria alisimama penye Mwamba wa Sheria akazisema sheria kwa kichwa, theluthi moja kila mwaka, hata mwaka wa tatu ukiisha zote zimesikika. Baraza lilikutana hapo hadi 1798. Bunge la Iceland sasa liko Reykjavík, na bado ni Althingi.

Neno lilisafiri na majahazi ya Waviking. Kwenye Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, bunge huitwa Tynwald. Sikiliza vizuri, ni Thingvellir iliyobadilishwa na ndimi za wenyeji. Mji wa Dingwall huko Scotland una asili hiyo hiyo. Nchini Sweden, mahakama ya ngazi ya kwanza ni tingsrätt.

Watu wakikaa barazani, kinacholetwa mbele yao ni kesi. Basi neno likahama polepole: kutoka mkutano likawa kesi, kutoka kesi likawa jambo lolote, mwishowe kitu chochote. Waingereza wakabaki na thing, Wajerumani na Ding.

Kilatini hakina udugu na neno hili, lakini kilipita njia kama hiyo. Causa, iliyotumika kwa kesi ya mahakamani, ndiyo iliyozaa chose ya Kifaransa na cosa ya Kiitaliano na Kihispania, zote zikiwa na maana ya kitu.

Na Kiswahili je? Tunalo shauri, tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kutakana rai. Wazee hukaa shauri. Hakimu husikiliza shauri. Na asiyesikia la mkuu huambiwa: shauri yako!