Mama Anasubiri Jibu Lako

Leo nazungumza na wewe mwanachuo, hasa uliye kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kijijini kwenu wewe ndiye msomi. Mama akisumbuliwa na presha anakupigia: “Mwanangu, hebu nitazamie kwenye simu.” Kwa jibu lako atameza vidonge, au ataviacha.

Kumbuka jinsi habari isiyohakikiwa inavyoweza kuumiza: mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Habari zilisambaa redioni, magazetini na kwa simu. Wapo walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakiamini wamepona. Virusi vilikuwa bado mwilini. Nasikitika kila nikikumbuka, maana sisi watangazaji tulikuwemo katika kusambaza habari hizo.

Basi ukikuta video ya majani yanayomaliza presha kwa siku saba, usihesabu walioipenda. Jiulize anayesema ni nani, na anauza nini. Mara nyingi namba ya kuagizia iko palepale chini. Ukitafuta mtandaoni kwa kuandika “dawa ya presha” utawavuta wauzaji. Andika “shinikizo la juu la damu”, kisha soma tovuti ya Wizara ya Afya au ya Shirika la Afya Duniani. Dawa za hospitali husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), hakikisha huko.

Ukibaki na shaka, mwanangu, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, kabla hujamjibu mama.