Kozi ya Awali ya Ufahamu wa Nishati kwa Wanafunzi wa Vyuo Tanzania: Hoja ya Kuanza na Vipimo

Ufahamu wa nishati, kwa maana inayotumika katika mada hii, ni uwezo wa mtu asiye mhandisi wa kuifuatilia nishati tangu inapopatikana hadi inapotumika, kuipima, na kutoa uamuzi wenye hoja kuhusu matumizi yake nyumbani, katika biashara na katika sera za nchi. Watafiti Jan DeWaters na Susan Powers wa Chuo Kikuu cha Clarkson, Marekani, wameuchambua ufahamu huo katika sehemu tatu, yaani maarifa, mtazamo na mwenendo. Uchambuzi huo unamfaa mtungaji wa kozi kwa sababu unamkumbusha kwamba mwanafunzi anaweza kufaulu maswali yote ya darasani huku matumizi yake bwenini yakibaki yaleyale.

Kishawishi cha kwanza cha anayetunga kozi ya aina hii ni kuanza na orodha ya vyanzo vya nishati, kisha kuvigawa katika vyanzo jadidifu, yaani vinavyojirudisha kama jua na upepo, na visivyo jadidifu kama gesi asilia. Mada hii inapendekeza kozi ianze na vipimo, kwa kuwa orodha hukaririwa na kusahaulika, ilhali hesabu humlazimisha mwanafunzi kufikiri. Kipimo cha kuanzia anacho kila mnunuzi wa umeme wa LUKU: uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa nzima. Birika la umeme la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa, na taa ya wati 10 kwa saa 100. Aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake ameshatenganisha kasi ya matumizi, ambayo hupimwa kwa wati, na jumla ya matumizi, ambayo hupimwa kwa uniti, na bila utengano huo habari nyingi za umeme magazetini hazieleweki. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, kwa mfano, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kama mitambo yote ingezunguka kwa kasi hiyo mwaka mzima, ingetoa takribani uniti bilioni 18.5, lakini maji ya mto hupungua kiangazi na mahitaji hubadilika usiku na mchana, hivyo uzalishaji halisi hauwezi kufikia kiasi hicho.

Somo linalostahili muda mrefu kuliko yote ni mkaa. Kuni na mkaa ndiyo nishati inayopika chakula cha kaya nyingi nchini, na kozi inayozungumzia umeme peke yake inaiacha nje sehemu kubwa ya maisha ya wanafunzi wenyewe. Kilo moja ya mkaa ina megajuli 30 hivi, sawa na uniti 8 za joto. Ili kuipata kilo hiyo kwa tanuri la kienyeji, huhitajika kuni kilo 6 au zaidi, zenye megajuli 90 hivi, na jiko la kawaida hufikisha kwenye sufuria takribani moja ya tano tu ya joto la mkaa. Mwanafunzi akizidisha na kugawanya, ataona kwamba nishati ya mti inayofika kwenye chakula haifiki hata moja ya kumi. Hapo ndipo jiko banifu, tanuri bora na jiko la umeme vinapoweza kulinganishwa kwa haki, na bei ya kila kimoja kujadiliwa bila ushabiki.

Kozi hii haifai kuachiwa idara za uhandisi. Mto Ruaha Mkuu unatosha kulithibitisha hilo: maji yake huzalisha umeme Mtera, kituo cha megawati 80, kisha yaleyale huteremka hadi Kidatu, kituo cha megawati 204, lakini kabla ya Mtera mto huo hutegemewa na mashamba ya mpunga na mifugo ya bonde la Usangu. Ukame uliosababisha mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 ulikuwa suala la hali ya hewa, kilimo, sheria za maji na uchumi kwa wakati mmoja, na haukuwa wa haki uamuzi wowote uliomtazama mfugaji peke yake.

Upimaji wa kozi nao ufuate mwelekeo huohuo. Badala ya mtihani wa maandishi pekee, kila kikundi, kikichanganya wanafunzi wa fani mbalimbali, kipime kwa wiki moja nishati inayotumiwa na jiko la chuo, kianze na uzito wa kuni au gesi na usomaji wa mita, kikokotoe gharama kwa kila sahani, kisha kiwasilishe mapendekezo yake kwa uongozi wa chuo, ambao uwajibike kuyajibu kwa maandishi kabla ya muhula kwisha.