Mimea ya kando ya bwawa la nyumbani

Maelezo ya afisa wa ugani kwa wakulima, siku ya mafunzo shambani

Namshukuru mwenyeji wetu kwa kutufungulia shamba lake, na kwa chai.

Kabla hatujaketi nimezunguka bwawa hili. Juu ya tuta nimehesabu mikaratusi 6. Mzee ameniambia aliipanda ili ishike udongo. Simlaumu. Hata mimi nilifanya hivyo kwa bwawa langu la kwanza, mizizi ikatoboa plastiki, na Januari ng'ombe wangu wakanywa maji ya kununua.

Udongo wetu mwingi hapa Nakuru ni wa majivu ya volkeno. Ni mwepesi na unapitisha maji upesi, ndiyo maana wengi hutandika karatasi nzito ya plastiki. Tundu moja latosha kukuharibia msimu. Kwa bwawa la udongo mtupu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mti ukifa mzizi wake huoza ndani ya tuta na kuacha njia, na maji huifuata.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel kule Solai lilipasuka baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Sisemi ni miti iliyolipasua. Nasema tuta la udongo, hata dogo, si la kubahatisha ikiwa chini yake kuna jiko la jirani.

Mikaratusi hii bado midogo. Ing'olewe na mizizi yake, mashimo yajazwe udongo na kushindiliwa. Mwenye miti mikubwa kwenye tuta asiikate kwanza, atuite tuitazame.

Sasa, tupande nini? Juu ya tuta ni nyasi fupi tu. Nyasi ya Kikuyu hushika udongo vizuri, ila inatambaa, kwa hiyo ifyekwe isifike kwenye plastiki. Upande wa nje wenye mteremko mkali, panda vetiva kwa mistari inayokata mteremko. Ng'ombe wasipite hapo. Mparachichi au mti wowote ukae mbali na tuta, angalau kwa urefu utakaofikia ukikomaa. Ukiwa upande unakotoka upepo utapunguza maji yanayopotea hewani, na watu wa Gilgil wanajua upepo wao.

Nduma, akina mama, iwekeni pale maji ya ziada yanapotokea, pembeni, isizibe mfereji. Mfereji huo ukiziba, maji yatapita juu ya tuta na kulikata.

Kuna lile ua zuri la zambarau linaloelea. Limeletwa hapa kwa ndoo, nimeliona. Hilo ni gugu maji, ndilo linalosumbua wavuvi wa Ziwa Naivasha. Likiachwa hufunika bwawa lote, samaki wakakosa hewa. Litolewe, likaushwe juani mbali na maji. Anayetaka ua apande yungiyungi, kidogo, ili samaki waendelee kufikia viluwiluwi vya mbu.

Ua wa kayaba ni mzuri, lakini huchukua miaka kufunga, na mtoto hangoji. Weka seng'enge au miti kwanza, kayaba ikue nje yake, na lango liwe na komeo la juu.

Maswali tutayajibu kule bwawani tukiwa tumesimama. Vijana, njooni na jembe.