Sukhoi juu ya mabati ya Mapendo



Tarehe 24 Januari 2023, ndege ya vita aina ya Sukhoi-25 ya jeshi letu ilikuwa inarudi kutua kwenye kiwanja cha ndege cha hapa Goma pale kombora lilipoifuata na kulipuka kando yake. Ilitua ubavu ukiwaka moto. Serikali ya Rwanda ilisema ndege imevuka mpaka, Kinshasa ikasema imeshambuliwa ikiwa ndani ya Kongo. Juu ya mpaka tumebishana vya kutosha. Leo nazungumzia ndege yenyewe, na mahali ilipowekwa.

Aina hii ya ndege ilianza kuruka mwaka 1975, katika Umoja wa Kisovieti. Kazi yake ni kupita chini chini na kumsaidia askari wa miguu. Walioiunda walijua itapigwa, ndiyo maana rubani wake anakaa ndani ya ganda la titani. Hata hivyo, kule Afghanistan iliteswa sana na makombora ya begani, yale yanayofuata joto la injini.

Ndege hiyo imefika hata baharini. Tarehe 1 Novemba 1989, Sukhoi-25 moja yenye viti viwili, iliyofungwa ndoano mkiani, ilitua juu ya meli ya kubeba ndege katika Bahari Nyeusi. Ndoano inanasa nyaya za chuma zilizotandazwa kwenye sitaha, na ndege inasimama palepale. Aina hiyo haikuwa na silaha. Ilikuwa ya kufundishia marubani. Meli ile, ambayo leo inaitwa Admiral Kuznetsov, wakati huo ilikuwa na jina la Tbilisi, na ni kiwanda cha mji huohuo wa Tbilisi, Georgia, kilichounda Sukhoi zilizouzwa kwa Kongo wakati wa vita vya pili vya Kongo.

Sasa tazameni tofauti. Rubani akikosea kutua kwenye meli, mbele yake kuna maji. Akikosea hapa kwetu, kwenye mitaa kama Mapendo na Birere, kuna nyumba za mbao, maduka, na watoto wanaotoka shuleni. Hatukisii. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa, ikaingia Birere. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa sokoni na majumbani mwao. Ndege ile haikuwa na bomu hata moja. Na barabara ya kurukia ilikuwa imeshafupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002.

Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia mpaka kiwanjani, na safari zikakatika. Wenye bunduki, wa upande wowote, nawaomba jambo moja: kiwanja cha Goma kiwe cha wasafiri, wagonjwa na misaada. Ndege za vita zipelekwe mbali na nyumba za watu.