Mafuta Hayanunuliwi Usiku wa Manane

Neno la leo: Mathayo 25:1-13. Msome pia Mithali 6:6-8 na Luka 14:28-30.

   

Kila mwaka, EXETAT inapokaribia, kuna jambo moja linafanyika katika makanisa yetu. Vijana wanaomaliza sekondari wanaitwa mbele ya mimbari siku ya Mungu. Kila mmoja anashika biki yake. Sisi wachungaji tunawawekea mikono, tunaombea zile biki, na kanisa zima linapaza sauti. Ni jambo zuri, na hatutaliacha.

Lakini leo tunataka kuungama kitu mbele yenu. Mara nyingi, ile siku ya biki ndiyo mara ya kwanza sisi kanisa tunamuuliza yule kijana habari ya masomo yake. Alipochagua opsioni, hatukuuliza. Alipopata asilimia 42 katika hisabati, hatukuuliza. Alipofukuzwa kwa sababu ya minervali, hatukujua. Kisha tunafika mwishoni na sauti kubwa, na taa yake haina mafuta.

Tazameni wale wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walimngojea Bwana arusi. Tena wote kumi walisinzia. Biblia haisemi kwamba wale wenye busara walikesha. Tofauti yao ilikuwa kitu kimoja tu: watano walichukua mafuta mapema, mchana, wakati maduka yalikuwa wazi. Makelele yalipotokea usiku wa manane, ilikuwa kuchelewa kwenda kununua. Tunajua vizuri kwamba Bwana alikuwa anasema juu ya kurudi kwake. Lakini aliyetufundisha kujitayarisha kwa jambo kubwa kama hilo hatufundishi kuishi ovyo katika mambo madogo.

Sisi wenyewe tulipitia hapo. Tulipofika wakati wa kuchagua opsioni, tulichagua ile ya rafiki yetu wa jirani, kwa sababu njia ilikuwa moja na tulipenda kutembea pamoja. Baba alikuwa na shughuli ya kahawa yake. Mchungaji alikuwa na shughuli ya kanisa. Hakuna aliyetuuliza. Miaka ikapita, Bwana akatuita, tukataka kuingia katika chuo cha Biblia. Wakatuomba diploma na buletini. Buletini moja ilikuwa imeliwa na panya. Tulitembea siku mbili kurudi kwa shule yetu ya zamani. Tukakuta prefe mpya, na daftari la pointi lilikuwa limeungua wakati wa vita. Tulipoteza mwaka mzima. Siku zile tulisema ni Shetani ametuzuia. Leo tunasema kweli: Shetani alikuwa na sehemu yake, panya alikuwa na sehemu yake, na sisi pia tulikuwa na yetu.

Basi, mafuta ya mtoto wetu anayetaka kufika chuo kikuu ni nini? Tutataja manne.

Mafuta ya kwanza ni opsioni. Mtoto anapomaliza mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, anaingia mwaka wa kwanza wa humanite, ule ambao sisi wa zamani tuliuita mwaka wa tatu. Ana umri wa miaka 14 hivi, na anachagua njia: sayansi, pedagojia, biashara, umeme, ukulima, ushonaji na nyingine. Wengi wanachagua kwa kufuata rafiki, ama kwa kuwa shule iko karibu. Miaka 4 baadaye, yule wa biashara anakuja kwa mchungaji na kusema, "Mungu amenionyesha kwamba nitakuwa daktari." Hatusemi Mungu hawezi. Lakini atakaa katika fakulte ya udaktari pamoja na wenzake waliosoma kemia na biolojia miaka 4, naye anaanzia sifuri. Ni vizuri ono hilo litafutwe katika maombi kabla ya kujaza karatasi ya opsioni.

Wazazi, msichague kwa kiburi chenu. Na ninyi vijana, msichague kwa woga wa hisabati. Mkae pamoja, muombe, mwulize mwalimu anayemjua mtoto. Kisha mwende kuona kwa macho. Hapa kwetu hatuko mbali na vyuo. Butembo tuko na Chuo Kikuu cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya askofu Emmanuel Kataliko. Tuko na Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori. Tuko na ISP Muhangi kwa wale watakaokuwa walimu. Beni tuko na UCBC, iliyoanza mwaka 2007, na kule wanafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtoto wa humanite ya kwanza anaweza kwenda siku moja pamoja na mzazi, akauliza kwa ofisi: kwa fakulte hii mnaomba opsioni gani? Mnaomba asilimia ngapi? Kuna mtihani wa kuingia? Kuuliza hakulipishwi. Wengi wanajua kwamba asilimia 50 inatosha kupata diploma ya Serikali. Hawajui kwamba fakulte inaweza kuomba zaidi.

Mafuta ya pili ni pointi za kila siku, na lugha. EXETAT inaanza kwa insha ya Kifaransa na mazungumzo ya Kifaransa, kisha zinakuja siku 4 za maswali: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Nyumbani tunasema Kinande na Kiswahili, na hiyo ni baraka. Lakini Kifaransa hakishuki kwa kijana katika juma la mwisho. Tunawapa shauri ambalo halina gharama: nyumba nyingi ziko na Biblia ya Kifaransa ambayo haifunguliwi. Kila jioni kijana asome sura moja kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili yale aliyosoma, na bibi yake asikilize. Kwa miaka 4 atakuwa amesoma zaidi ya sura 1 400, nayo Biblia nzima ni sura 1 189. Atapata Neno, na atapata lugha.

Mafuta ya tatu ni karatasi. Hapa tunasema na wale wa Beni, Oicha, Eringeti na wale waliotoka kusini ya Lubero mwaka 2024, kwa sababu wanajua. Mtu anapokimbia usiku, anachukua mtoto na godoro. Buletini inabaki ndani ya nyumba. Siku ya kujiandikisha, chuo kinaomba diploma, buletini za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, na karatasi nyingine. Mtoto mwenye akili anakaa nyumbani kwa sababu ya karatasi!

Basi, nunueni farde moja kwa kila mtoto. Kila buletini inapotoka, fanyeni fotokopi mbili: moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa mjomba ama shangazi wa mtaa mwingine. Mwenye simu apige picha na kumtumia ndugu aliye mbali. Tena mwangalie majina. Katika nchi yetu akina Kambale, Kasereka, Masika na Kahindo ni wengi katika darasa moja. Kwa buletini moja ameandikwa Kavugho, kwa nyingine Kabugho. Hapa jina la ubatizo liko, pale halipo. Mrekebishe sasa, mtoto akiwa katika humanite ya kwanza, na prefe anayemjua akiwa bado pale. Kosa likiisha kuingia katika diploma, mtalitoa kwa jasho.

Mafuta ya nne ni franga. Serikali ilitangaza shule ya msingi bila malipo toka mwaka 2019, lakini sekondari tunalipa, na chuo kikuu pia tunalipa. Sulemani anatutuma kwa chungu: hana mkubwa wa kumsukuma, lakini anakusanya wakati wa mavuno. Mzazi anayeweka franga 1 000 kila juma katika kikundi cha AVEC, toka humanite ya kwanza mpaka ya mwisho, atakuwa na franga zaidi ya 200 000. Hazitalipa mwaka wote, hatuwadanganyi. Lakini hatasimama mlangoni mikono mitupu. Mwingine atamfungia mtoto mbuzi mmoja. Na tunaomba sana: franga zikipunguka, msikate masomo ya binti kwanza mkisema ataolewa. Wale wanawali watano wenye busara walikuwa mabinti.

Sasa tufike kwa neno zito. Wale wapumbavu waliomba wenzao wawagawie mafuta, wakajibiwa hapana. Si roho mbaya. Kuna mafuta ambayo hayaazimwi. Ndugu zetu, tunajua yale yanayofanyika wakati wa mtihani: majibu yanauzwa, simu zinaingia zimefichwa, wazazi wanachangishwa pesa za "kusaidia watoto". Na wengine ni wazazi wetu, wanaoimba katika kwaya. Tunawaambia kwa upendo: hatuwezi kuombea biki asubuhi na kununua majibu jioni. Tena, mafuta ya kununua namna hiyo yanazimika upesi. Siku hizi licence ni miaka 3, na kila mwaka una kredi 60 za kutafuta. Kule hakuna wa kukuandikia kila siku. Tumeona vijana wenye asilimia nzuri kwa diploma wanarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha, wanaona haya, na wazazi wamekwisha kuuza shamba. Afadhali asilimia 53 yenye jasho kuliko 70 ya wizi.

Wengine watatuuliza: "Mchungaji, unasema miaka 4? Sisi hatujui kama tutalala hapa kesho." Swali hilo hatulichezei. Toka mwaka 2014 tumezika watu wa Beni na kandokando yake bila kukoma. Mwaka 2018 Ebola ilikuja juu ya vita. Tumeona shule zimefungwa, na madarasa yamejaa wakimbizi. Lakini tusome tena mfano huu. Wale wanawali nao hawakujua saa. Kama wangejua saa, hakuna aliyekuwa na lazima ya akiba. Akiba ni ya mtu asiyejua. Na katika Yeremia 29, Mungu aliwatumia ujumbe watu waliopelekwa utumwani: wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto. Hakuwaambia wangoje kwanza amani. Mtoto aliyekimbia na hisabati kichwani amekimbia na kitu ambacho hakuna mwenye bunduki anaweza kukichoma.

Hatusemi kila mtoto lazima aende chuo kikuu. Mwenye karama ya kushona, ya seremala, ya biashara, naye ajitayarishe mapema katika njia yake. Mji wa Butembo ulijengwa na mikono ya namna hiyo. Na ninyi vijana ambao mmekwisha kufika mwaka wa mwisho na chupa haijajaa, msikate tamaa. Mlango haujafungwa bado. Nunueni leo yale yanayobaki.

Basi tufanye nini juma hili? Mzazi, siku ya posho tafuta buletini zote za mtoto, uziweke katika farde moja, uangalie majina. Kijana wa humanite ya kwanza, andika kwa daftari lako masomo mawili yanayokushinda, umtafute ndugu wa kanisa anayeyajua. Ninyi walimu na wanafunzi wa chuo mlio katika makanisa yetu, mpeni Bwana saa mbili za siku ya posho kufundisha wadogo wenu. Hiyo pia ni huduma. Na sisi wachungaji tunaahidi hivi: kila buletini inapotoka, tutawaita watoto wa madarasa yote mbele, si wale wa mwisho peke yao. Tutauliza, tutaona, kisha tutaomba.

Na ile siku ya biki itakapofika, tutaziombea tena kwa nguvu zote. Lakini siku hiyo tunataka kuweka mikono juu ya taa yenye mafuta.

Tuombe. Baba, utusamehe miaka ambayo hatukuuliza. Uwape watoto wetu akili na bidii, uwape wazazi uvumilivu, uturudishie usalama katika nchi yetu. Kwa jina la Yesu. Amina.